Konsudi ya Papy

Kalemie, 10 Aprili 2024

Laurette mwanangu,

Hujambo huko Durban? Mimi ni mzima kadiri mjane anavyoweza kuwa mzima. Magoti yanalalamika, masikio yamekwisha kabisa tangu ile homa, lakini macho bado ni ya mwalimu: nikiona neno limekosewa kwenye ukuta wa duka, mkono unaniwasha kutafuta chaki. Usiniambie tena habari za simu. Ya kusikiliza hainifai, na ile ya kubonyeza siitaki. Nimefundisha watoto wa watu kuandika maisha yangu yote, siwezi kuzeeka nikiandika kwa kidole gumba.

Nashukuru Pierre-Claver aliwafikia na kuwapa habari ya baba yenu Apollinaire kwa mdomo. Kuna walionicheka kwamba nimemsumbua mfanyabiashara wa watu, apande basi nchi baada ya nchi na maneno yangu kichwani. Unajua kwetu, msiba hauandikwi. Karatasi haiwezi kumshika mtu akianguka. Anakwenda mtu, anakaa chini na wafiwa siku tatu, hata kama hana la kusema, ndipo anaondoka. Pierre-Claver aliniambia Papy hakulia mbele yake. Alitoka uani akaanza kukata konsudi, ule mmea wake wa dawa, ingawa haikuwa imefika wakati wake. Nilimwelewa mtoto wangu.

Ziwa limepanda tena na kula bustani yote ya nyuma. Konsudi yangu, ile niliyopewa na masista wa misheni nikiwa msichana, imeoza. Kwa hiyo iliyobaki ni hiyo ya Papy, aliyeondoka na kipande cha mzizi wake ndani ya soksi. Mwambie aitunze.

Sasa neno langu. Februari ijayo tutaanua matanga ya baba yenu. Kitambaa cheusi nilichojifunga kichwani kinapaswa kufunguliwa na mkono wa mtoto wangu wa kwanza, na wa kumzaa ninaye mmoja tu, Papy. Najua karatasi zenu za ukimbizi: ukitoka, mlango unafungwa nyuma yako. Basi kama hawezi kuja, aandike barua kwa mkono wake, tuisome mbele ya watu, na mjomba wenu afungue kwa niaba yake. Mwezi uliopita nilimwandikia kwa mkono wa msafiri mwingine, sijapata neno. Mtikise kidogo. Ana huzuni, sawa, hata wewe una huzuni, na bado sahani zinaoshwa.

Mama yako mkubwa,
Joséphine


Durban, 26 Mei 2024

Mama mkubwa mpendwa,

Pokea salamu zangu na heshima. Baridi imeanza kuingia, ingawa baridi ya Durban wewe ungeicheka. Saluni ya Overport inaendelea, wateja wapo, vidole vyangu vimeota sugu kwa kusuka. Auntie Saras, mwenye nyumba wetu, yule bibi Mhindi niliyekuandikia, anakusalimu na anasema pole kwa baba. Amekuwa mwema kwetu. Kwangu amekuwa mwema sana.

Mama mkubwa, yaya Papy, kaka yangu huyu, hakukuandikia kwa sababu aliteleza kwenye ngazi kule kiwandani Jacobs. Alianguka. Mkono wa kulia ulivunjika, juu kidogo ya kiganja. Ndiyo sababu. Usihangaike, maumivu hana tena.

Konsudi yake ipo. Wiki iliyopita tumbili walishuka kutoka kwenye miti wakamaliza nyanya zote za Auntie Saras, lakini konsudi hawakuigusa, nadhani ni vile vinywele vya majani. Nitaitunza mimi kwa sasa.

Nisamehe barua kuwa fupi. Nakukumbuka kila siku, na ule mkono wako wa kunipima homa shingoni, tangu uliponichukua mama yangu alipofariki.

Mwanao,
Laurette


Kalemie, 7 Julai 2024

Laurette mwanangu,

Tumshukuru Mungu ni mkono. Nilipofika kwenye neno «alianguka» moyo ulisimama, nikalazimika kulisoma mara ya pili ndipo nikauona mkono. Siku nyingine uanze na mkono.

Hapa tuna vumbi, tuna samaki, na nina jirani mpya anayepiga ngoma za kanisa usiku kucha. Kila mtu anamlaani isipokuwa mimi. Uziwi una baraka zake.

Haya, sikiliza vizuri. Dawa iko hapo uani, msihangaike na chupa za dukani. Chukua majani mapana ya chini, yaoshe, yaponde kwenye kinu mpaka yatoe utelezi, uyaweke kati ya vitambaa viwili ili vinywele visimwashe, umfunge mkononi. Ubadilishe asubuhi na jioni. Asinywe. Masista walikuwa wanakunywa kama chai, baadaye wakatuambia inaharibu ini. Na usiweke kabisa penye kidonda kilicho wazi. Jani hilo lina haraka: linafunga ngozi ya juu, na uchafu unabaki chini unaoza taratibu, na wewe unadhani amepona.

Papy alipoanguka kwenye mpera akiwa mdogo, nilimfunga hivyohivyo mguuni. Aliponiona nakuja na kinu alikuwa anajifanya amelala. Akijifanya amelala na sasa, mfunge hivyohivyo.

Pierre-Claver ameniacha na maswali. Alileta barua yako, akaninyooshea pale mlangoni, mdomo wake nikausoma: «Mama, niko napita tu.» Mtu yule alikuwa anamaliza samaki wangu mpaka mifupa. Labda amepata mke mkali.

Barua ya Papy naisubiri. Mkono ukipona.

Joséphine


Durban, 15 Septemba 2024

Mama mkubwa,

Nimekawia, nisamehe. Nilianza barua hii mara nyingi. Kazi nyingi saluni, halafu nikawa na mafua, halafu Pierre-Claver alikuwa bado hajapita. Natumaini magoti yamepunguza malalamiko. Jirani wa ngoma, mwombee.

Dawa uliyoelekeza nimeielewa. Asante.

Nina swali la bustani. Konsudi imeamka na nguvu za ajabu tangu joto lirudi, lakini majani mengine yana madoa ya rangi ya kutu kwa chini, na ya pembeni yanalala chini na kuoza kwa unyevu wa hapa. Je, nikate? Nikate kiasi gani, na lini? Naogopa kukata nikaiua. Kuna ile ndoo ya yaya Papy ya kulowekea majani yawe mbolea, ile yenye harufu mbaya. Auntie Saras alikuwa anamwuliza kwa sauti kutoka dirishani ni nini kimekufa uani kwake, na yeye anamjibu, «Auntie, ni supu ya nyanya zako.» Ndoo imekauka sasa. Juzi Auntie Saras alinishika begani akaniambia anaikumbuka hata ile harufu. Sijui majani yanalowekwa muda gani, wala yanachanganywa na maji kiasi gani. Ukinieleza nitafanya.

Nina afya. Nakula. Usiwe na wasiwasi nami.

Laurette


Kalemie, 20 Oktoba 2024

Laurette,

Salamu za nyumbani ni nzuri, mvua zimeanza, wote wanakusalimu. Nimemaliza salamu.

Unaniuliza mimi namna ya kukata konsudi? Unaandika barua, inavuka nchi zote hizo kwenye mfuko wa Pierre-Claver, kuniuliza jambo analolijua mtu anayelala ukuta mmoja nawe? Papy ameshika mmea huo tangu hajaota meno ya ukubwani. Muulize yeye. Sitakufundisha lolote la konsudi wakati mwenyewe yupo.

Na mkono wake ni mkono gani huo? Nimewahi kuona mifupa ikivunjika, ya watoto na ya wazee. Mfupa wa kiganja ungekuwa umeunga zamani, hata bila majani, hata kwa uzembe. Kama umeunga vibaya, niambie umeunga vibaya. Kama umekatwa, niambie umekatwa, nitalia nitanyamaza. Kama amekasirika nami kwa sababu nilimzika baba yake bila kumsubiri, niambie, nitamwomba msamaha. Wa kushoto anao? Achore hata msalaba kwenye karatasi, kama wazee wasiojua kusoma. Nitaujua msalaba wa mwanangu.

Watu wananiuliza matanga yataanuliwa tarehe gani. Kila nikifika sokoni wananiuliza. Nimechoka kusema kwamba nangoja barua.

Sikufokei wewe. Nafoka tu.

Joséphine


Durban, 30 Novemba 2024

Mama mkubwa mpendwa,

Nimeipokea barua yako, nimeisoma, nimeilaza chini ya mto. Una haki ya kufoka.

Yaya Papy hayupo tena hapa uani. Yuko Pinetown. Nilipaswa kukuambia mapema. Ni juu, mbali kidogo na bahari, kuna hewa nzuri na miti. Mimi huenda Jumapili baada ya misa, napanda taxi mbili. Nakaa naye kidogo, halafu narudi kabla jua halijazama. Haongei sana, unamjua. Hana hasira nawe, Mama mkubwa. Hilo nakuapia mbele ya Mungu, usilifikirie tena. Siku ile Pierre-Claver aliyotuletea habari ya baba, yaya aliniambia, «Laurette, mama amefanya vizuri kumuzika mbio. Baba alikuwa hapendi kungojesha watu.»

Nakuletea habari moja nzuri, maana barua zangu zimekuwa kavu. Konsudi imechanua! Sikujua kama inatoa maua. Mashina yamepanda mpaka kiunoni kwangu, na juu yake kuna vikengele vidogo vya rangi ya zambarau vimeinama chini, na nyuki wamejaa tangu asubuhi. Auntie Saras ametoa kiti chake nje ili ayatazame. Mteja wangu mmoja alipita kuchukua wigi lake, akasimama getini akaniuliza, «Eish, dada, hii maua iko nzuri hivi, mwenye kuipanda ni nani?» Nikamwambia ni kaka yangu.

Nilitaka ujue kwamba inapendeza.

Laurette


Kalemie, 12 Januari 2025

Laurette mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako nimeipata kabla ya Noeli. Sikujibu mara moja, mkono wangu nao ulikuwa mzito.

Unakula nini? Usiniandikie «nakula», niandikie chakula chenyewe. Una mtu wa kuzungumza naye jioni, mbali na huyo bibi wa watu? Kanisani wanakujua kwa jina? Ulivyokuwa mdogo ulikuwa unalia ndani ya kabati la nguo ili nisikusikie, na mimi nilikuwa nakusikia, maana wakati ule nilikuwa na masikio. Sikukufungulia hata siku moja. Nilidhani mtoto anayejificha hataki kuonekana.

Msimu huu samaki ni wadogo. Mjomba wako amepaka rangi mlango. Ziwa limerudi nyuma kidogo, na pale penye bustani udongo umebaki mweusi na laini. Nimeuchezea kwa fimbo.

Jifunike usiku, hata kama kuna joto.

Mama yako mkubwa


Durban, 9 Februari 2025

Mama mkubwa,

Ninakula wali na maharage, na Ijumaa Auntie Saras ananigawia mchuzi wake wenye pilipili ya kutoa machozi. Kanisani wananijua. Jioni sizungumzi na mtu.

Hukuniuliza kuhusu yaya Papy. Nimetafuta kila mstari, nimegeuza karatasi nyuma, hukuuliza. Hukutaja hata matanga, na mwezi wenyewe ndio huu.

Nimeketi hapa tangu nitoke kazini na kalamu mkononi. Ningekuwa na karatasi ya kunirudisha ningepanda basi leo, nikafika hapo mlangoni, nikakaa chini nawe. Nataka ujue hivyo. Ningekuja. Kuna mambo ambayo ningekuja nayo mwenyewe, nisingemtuma mtu.

Siwezi kuandika zaidi. Nisamehe.

Laurette


Kalemie, 16 Machi 2025

Laurette mwanangu,

Anayekupa barua hii ni Pierre-Claver, na nimemwambia asiondoke. Ukiona amevuta kiti amekaa hapo mlangoni pako, usimfukuze. Endelea kusoma.

Papy amekufa. Nimeandika mimi, ili wewe usilazimike kuandika. Mila inakataza kumwandikia asiyejua, na wewe unajua kuliko mimi.

Pierre-Claver hakuniambia, usimlaumu. Anajua, nimeona anajua, tangu alipoanza kuacha barua mlangoni kama mtu anayekimbia mbwa. Sikumuuliza. Nilimwonea huruma, hajui kudanganya akiwa ameshiba, ndiyo maana alikataa kula. Na wewe pia hukunidanganya. Nimezirudia barua zako zote. Mkono ulivunjika kweli, sivyo? Na maumivu hana tena, na yuko Pinetown, na Jumapili unakwenda kukaa naye. Mtoto mwaminifu kama wewe hata uongo unamshinda. Mtu akianguka kwenye ngazi hauanguki mkono peke yake, nilipaswa kuliona hilo siku ile ya kwanza, lakini mama akipewa mkono anaushika mkono.

Nilijua ulipoandika kwamba konsudi imechanua.

Papy hakuwahi kuiacha ichanue. Nilimfundisha mwenyewe: shina la ua likianza kujikunja pale juu, kama kidole cha mtoto mchanga, unakata yote, chini kabisa, kipimo cha kiganja kimoja kutoka ardhini. Ukiliacha ua, nguvu yote inapanda juu na majani yanakuwa membamba, hayafai kwa nyanya wala kwa mfupa. Alikuwa anatoka kitandani na homa kwenda kuikata. Siku aliyopewa habari ya baba yake aliikata. Mkono mmoja ukivunjika angetumia wa pili, na kama angekuwa Pinetown angepanda taxi zako mbili aje na kisu. Uliniuliza namna ya kukata nikakataa kukujibu, kwa hasira, nikakuambia umuulize yeye. Kumbe hapakuwa na wa kuulizwa. Nilikuwa nimesimama jikoni nikisoma vile vikengele vyako vya zambarau, nikakaa chini sakafuni, sufuria ya bukari, ugali wangu wa jioni, ikaungua mpaka jirani wa ngoma akaja kuona moshi. Amekuwa mtu mwema sana, yule jirani. Alikaa nami. Wote walikaa nami. Nililia, Laurette, nililia kwa sauti ambayo mwenyewe siisikii, wakaniambia baadaye kwamba ilifika barabarani.

Ndipo nikakuwaza wewe. Mimi nimekaliwa na watu. Wewe umemzika mtu wako, ukarudi kwenye chumba cha uani, asubuhi ukaenda kuwasuka wengine nywele wakikusimulia harusi zao. Karibu mwaka mzima. Umefunga ngozi ya juu, na chini nani amekuosha? Nilikuandikia habari ya lile kabati ili utoke. Hukutoka. Basi nimekufungulia.

Pierre-Claver atakaa nawe siku tatu. Ndivyo ilivyo, na hata kama aliyekufa alikufa zamani, msiba wako haujakaliwa bado. Ameahidi hataangalia simu. Mpe chakula, sasa atakula. Jinsi ilivyokuwa pale kiwandani, alisema nini, nani alimfumba macho, mwambie yote kwa mdomo, polepole, atanifikishia kwa mdomo. Sitaki karatasi.

Februari watu walikuja kuanua matanga, nikawaambia bado. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Kitambaa nimeendelea kukifunga, kwa ajili ya wawili sasa. Ndani ya bahasha hii kipo. Nimekivua kichwani bila kukifungua, fundo liko vilevile kama nilivyolikaza siku tuliyomzika Apollinaire. Mkono wa mtoto wangu wa kwanza haupo tena, lakini nililea wawili. Siku ya tatu, Pierre-Claver akiwa anaona, ulifungue wewe.

Likifunguka, chimba pembeni ya konsudi, usichimbe katikati. Utaukuta mzizi mweusi kwa nje, mweupe kwa ndani, unateleza. Kipande cha urefu wa kidole kinatosha, huo mmea haudai zaidi. Usiuoshe. Ufunge ndani ya kitambaa hicho na udongo wake wa Durban, umpe Pierre-Claver. Udongo wangu mweusi unasubiri.

Lakini kwanza kata yale maua. Usimtume Pierre-Claver, hajui. Chukua kisu cha Papy, inama, ukate chini kabisa.

Mama yako,
Joséphine